Kukadiria si Kubahatisha: Mbaazi, Choroko na Uwele kwa Upishi wa Kihindi



Kila baada ya mavuno, magunia ya mbaazi na choroko hutoka katika vijiji vya Dodoma na vya jirani zetu wa Manyara kwenda sokoni. Mbaazi nyingi za Tanzania huvuka bahari hadi India. Huko huliwa karibu kila siku, katika nyumba ya tajiri na ya maskini. Huku tunakozilima, nyumba nyingi huuza gunia lote na kubaki na ugali na mlenda. Ugali na mlenda ni chakula chetu, wala hatukidharau. Lakini peke yake hakimtoshi mtoto anayekua, wala mama mjamzito.

Siku za kliniki ya watoto tunapowashauri wazazi wapike mbaazi kwa namna ya Kihindi, wengi hujibu: "Daktari, hicho ni chakula cha mjini. Viungo vyake ni vingi, na vipimo vyake sisi hatuvijui." Leo tutajibu hoja hiyo. Mama wa Kihindi nyumbani kwake hana mizani jikoni, wala hafungui kitabu. Anapika kwa mkono, jicho, pua na sikio. Wenyewe wana neno lao, "andaza", maana yake ni kukadiria.

Kukadiria si kubahatisha. Anayebahatisha hajui atakachopata. Anayekadiria anazo alama anazozitazama, na kila alama humwambia la kufanya. Alama hizo zinafundishika, na zinafaa katika jiko la mafiga matatu kama zinavyofaa katika jiko la umeme.

CHAKULA HIKI SI KIGENI KWETU

Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka katika miji iliyo kando ya reli hiyo. Maneno chapati, bajia, achari na kachumbari yametoka katika lugha za India, nasi leo tunayatamka kama yetu.

Lakini habari ni ya zamani zaidi ya reli. Uwele na mtama vilianza kulimwa hapa Afrika, kisha vikafika India zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Mpaka leo watu wa Gujarat na Rajasthan, sehemu zenye ukame kama kwetu, hula mkate wa uwele. Mbaazi nazo zilianzia India, ndipo zikaja Afrika. Mlonge pia asili yake ni India ya kaskazini. Kwa hiyo tulibadilishana: sisi tuliwapa nafaka, wao wakatupa mbaazi. Mwaka 2023, kwa ombi la India, Umoja wa Mataifa uliufanya kuwa mwaka wa kuzienzi nafaka ndogondogo kama uwele, ulezi na mtama.

Wahindi walipopokea uwele wetu hawakuula peke yake. Waliula pamoja na mbaazi au choroko. Hapo ndipo pana somo la afya.

KWA NINI NAFAKA IENDE NA MBAAZI

Mbaazi, choroko, dengu, kunde na maharage ni vyakula vya kujenga mwili. Katika kila gramu 100 za mbaazi au choroko kavu kuna protini kiasi cha gramu 20 au zaidi. Protini ya nafaka ina upungufu wa kitu kimoja ambacho mbaazi inacho kwa wingi, na protini ya mbaazi ina upungufu wa kitu kingine ambacho nafaka inacho. Vikiliwa pamoja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake. Ni kama ng'ombe wawili wa plau: mmoja peke yake hauvuti vizuri, wawili huulima mtaro mmoja.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 100 wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 5, watoto 30 walikuwa wamedumaa. Mtoto aliyedumaa si mfupi tu. Kinga yake ya maradhi hupungua, na huchelewa katika masomo. Nyama ingesaidia, lakini ni nyumba chache zinazoweza kununua nyama kila wiki. Mbaazi zimo ghalani.

Tukumbuke pia mwezi wa Agosti 2017, Serikali ya India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake. Bei huku kwetu ikaanguka vibaya, na wakulima wengi wakabaki na magunia. Baadaye soko lilifunguka tena. Lakini fundisho linabaki: mkulima anayejua kuuza tu, bila kujua kula alichokilima, siku soko likifungwa hupoteza mara mbili.

ALAMA ZA KUTAZAMA JIKONI

Sasa tupike. Chukua mbaazi au choroko, konzi moja kwa kila mtu mzima na nusu konzi kwa kila mtoto. Hicho ndicho kipimo cha kwanza, nao mkono wako hausahauliki nyumbani.

Kuchagua na kuloweka. Mwaga kwenye ungo, utoe mawe na punje mbovu. Osha, kisha loweka. Mbaazi kavu zilale usiku kucha. Choroko zinaweza kupikwa bila kuloweka. Asubuhi mwaga maji hayo na utie mengine. Kuloweka hupunguza kuni na hupunguza tumbo kujaa gesi.

Kuchemsha. Tia maji yapande vidole vinne juu ya mbaazi. Tia manjano kidogo, kiasi cha kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Engua povu. Alama ya kuiva ni hii: chukua punje moja, ipoze, ibane kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikipondeka bila kuacha kiini kigumu, imeiva. Usitazame saa, mbaazi za mwaka jana huchelewa kuliko za mwaka huu. Maji magumu, yale yanayokataa kutoa povu la sabuni, huchelewesha pia. Wengine hutia magadi. Magadi hulainisha upesi, lakini huharibu baadhi ya vitamini za kundi B. Ni afadhali kuloweka.

Kitu cha ukali, kama ukwaju au nyanya, kisiingie kabla mbaazi hazijalainika. Ukali huzifanya zibaki ngumu. Wengi wanaolalamika kuwa mbaazi zao haziivi walitanguliza nyanya.

Kukaanga viungo. Hapa ndipo penye siri ya upishi wa Kihindi. Harufu ya viungo vingi huyeyuka katika mafuta zaidi kuliko katika maji. Ndiyo maana viungo hukaangwa kwanza katika mafuta, kisha mafuta hayo humwagwa ndani ya mbaazi. Mafuta machache hubeba harufu ya sufuria nzima. Kwa watu sita, vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti vinatosha.

Pasha mafuta, kisha dondosha punje moja ya binzari nyembamba. Ikizama na kutulia, ngoja. Ikizungukwa na mapovu na kucheza, mafuta yako tayari. Ikigeuka nyeusi papo hapo, ondoa kikaangio motoni. Mafuta yakiwa tayari, tia binzari nyembamba kiasi cha kubanwa na vidole vitatu. Ukitumia haradali, sikiliza: itapasuka kama bisi. Mlio ukipungua, ni zamu ya kitunguu.

Kitunguu kina rangi nne. Kwanza ni cheupe, kisha kama kioo, kisha cha manjano, mwisho cha kahawia. Kwa mbaazi, simama kwenye manjano inayoanza kuwa kahawia. Hapo tia kitunguu saumu na tangawizi zilizopondwa. Pua itakuambia: harufu kali ya ubichi ikigeuka kuwa tamu, endelea. Viungo vilivyosagwa, kama giligilani, huungua haraka, kwa hiyo viingie mwisho na nyanya zifuate mara moja. Koroga mpaka maji ya nyanya yakauke na mafuta yaonekane pembeni. Alama hiyo ya mafuta kujitenga ndiyo Wahindi huitazama kuliko zote. Ukiiona, mimina kila kitu ndani ya mbaazi, funika, na uache vichemke pamoja mpaka mchuzi ushike kijiko.

Viungo vikiungua, usijaribu kuficha. Uchungu wake hautoki. Mwaga hivyo vichache, anza tena, na mbaazi zako zitakuwa salama.

Jihadhari: kitu chenye maji kikiingia katika mafuta ya moto, mafuta hurukaruka. Watoto wakae mbali na mafiga. Mtu akiungua, mwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke zahanati. Usipake majivu, dawa ya meno wala mafuta.

UKIKOSA HIKI, TUMIA KILE

Mtu anayefuata kitabu akikosa kiungo kimoja huacha kupika. Anayekadiria hujiuliza: kiungo hiki kilikuwa na kazi gani? Kisha hutafuta kingine chenye kazi ileile.

Kazi ya ukali: kama huna ndimu, tumia ukwaju, embe bichi au unga wa ubuyu. Mibuyu kwetu ni mingi, na unga wake una vitamini C kwa wingi. Utie baada ya kuepua, kwa sababu moto mwingi huharibu vitamini hiyo. Vitamini C huusaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika mbaazi na mboga za majani, na chuma huongeza damu. Chai ya rangi hufanya kinyume chake, basi isinywewe pamoja na mlo.

Kazi ya uzito: pwani hutumia tui la nazi. Sisi tuna karanga. Zikaange kidogo, zitwange, uzitie mwishoni. Wapishi wengi wa India magharibi hufanya hivyo hivyo.

Kazi ya majani: Wahindi hupika mbaazi na mchicha, na kusini mwa India hutia majani ya mlonge. Sisi tuna mchicha, majani ya kunde, mgagani na huo mlonge, ambao huvumilia ukame wetu. Tia konzi mbili au tatu dakika chache kabla ya kuepua. Yakinywea na kubaki ya kijani, yametosha.

Kazi ya harufu: kama duka la kijiji halina binzari nyembamba, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga vinatosha kuanzia. Manjano nunua mizizi mizima, uikaushe na kuitwanga mwenyewe. Mwaka 2019 watafiti walieleza kuwa huko Bangladesh wafanyabiashara walichanganya manjano na rangi yenye risasi ili ing'ae. Risasi ni sumu inayoharibu ubongo wa mtoto. Unga unaong'aa kupita kiasi si lazima uwe bora.

MKATE WA UWELE

Mchuzi huu waweza kuliwa na ugali. Ukitaka mkate kama wa Gujarat, chukua unga wa uwele, tia chumvi kidogo sana, kisha maji ya moto kidogo kidogo. Uwele hauna mnato wa ngano, kwa hiyo maji ya moto ndiyo husaidia unga ushikane. Kanda sana kwa kiganja. Chukua donge, lipigepige kati ya viganja mpaka liwe bapa. Kingo zikipasuka, maji ni machache. Likinata mkononi, maji yamezidi, ongeza unga. Oka juu ya kikaangio kikavu, ugeuze upande mmoja baada ya mwingine mpaka madoa ya kahawia yatokee. Saga uwele kwa matumizi ya siku chache. Una mafuta ya asili, na unga wake ukikaa sana huwa mchungu.

MAMBO MATATU YASIYOKADIRIWA

Mpishi mwenye mkono mzuri anajua pia mahali ambapo mkono haufai. Sisi wa zahanati tunasisitiza mambo haya matatu.

La kwanza ni chumvi. Ulimi huzoea chumvi, na kila mwaka hudai zaidi. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku kwa vyakula vyake vyote, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Kwa sufuria ya watu sita, kijiko kimoja cha chai kinatosha. Tumia chumvi yenye madini joto, uitie karibu na kuepua. Mchuzi ukionekana baridi mdomoni, ongeza ukwaju au ndimu kabla ya kuongeza chumvi. Mara nyingi kilichopungua ni ukali. Shinikizo la damu halina maumivu mwanzoni, na wengi hulijua wakiwa wameshapooza.

La pili ni kuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walikula mahindi yenye sumukuvu wakaugua ini, na watu 20 walifariki. Sumu hiyo haionekani kwa macho, haina harufu ya kuaminika, na haiishi kwa kupikwa. Hakuna binzari wala pilipili inayoitoa. Kwa hiyo kazi ifanyike kabla ya jiko: kausha mazao juu ya turubai, siyo juu ya udongo, hifadhi mahali pakavu, chagua punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye rangi ya kuvu, hasa za mahindi na karanga. Punje hizo zitupwe. Usiwape kuku, wala usizitengee pombe.

La tatu ni dawa. Maji ya chumvichumvi ya mtoto anayeharisha hupimwa: pakiti moja kwa lita moja kamili ya maji safi. Yakiwa mazito humdhuru mtoto, yakiwa mepesi hayamsaidii. Dawa ya maji nayo hupimwa kwa kipimo chake, siyo kwa kijiko cha mboga. Mkono wa jikoni ubaki jikoni.

SEHEMU YA MTOTO

Mtoto akitimiza miezi 6, pamoja na maziwa ya mama, aanze vyakula vya nyongeza. Kabla hujatia pilipili na chumvi, mchotee mbaazi au choroko zilizoiva. Zisugue zitoke maganda, ziponde, uchanganye na uji mzito au ugali laini na majani yaliyosagwa. Ongeza mafuta kijiko kimoja cha chai. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hahitaji chumvi ya kuongezwa. Maziwa ya mama yaendelee mpaka miaka miwili au zaidi.

NAMNA YA KUUFUNDISHA MKONO

Pika mboga hii mara moja kwa wiki kwa mwezi mmoja. Kila mara badilisha kitu kimoja tu: wiki hii ukali, wiki ijayo majani. Ukibadilisha vitano kwa siku moja, hutajua kipi kilifanya nini. Onja mara tatu: mbaazi zikilainika, viungo vikishaingia, na kabla ya kuepua. Mwite binti na mvulana pia waone rangi ya kitunguu na wasikie mlio wa haradali. Haya hayashiki kwa kusimuliwa tu.

Mwaka 1975 wananchi walikusanyika vijijini kusikiliza redio katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Jina lile bado ni la kweli. Safari hii, ndugu msomaji, kabla ya kushona gunia la mwisho la mbaazi, tenga debe moja la nyumbani. Konzi kwa konzi, litawafikisha watoto mbali.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni kiasi gani cha mbaazi, choroko na kunde kinauzwa, na kiasi gani kinaliwa nyumbani?

2. Kwa nini nafaka na mbaazi vikiliwa pamoja hujenga mwili vizuri zaidi?

3. Taja alama moja ya jicho, moja ya pua na moja ya sikio unazotumia unapopika.

4. Ni viungo vipi vya ukali, uzito na majani vinavyopatikana hapa kwetu wakati wa kiangazi?

5. Kwa nini sumukuvu haiwezi kuondolewa kwa kupika? Kikundi chetu kitafanya nini mavuno yajayo?